Mnyama wako akifa Tanga: kumchoma, kumzika, na pesa inakokwenda

Mtu wa hapa Tanga akinipigia kuuliza ni wapi anaweza kumchoma mbwa au paka wake apate majivu, nami humuuliza kwanza: unayataka majivu yenyewe, au unachotaka ni asitupwe jalalani? Wengi hukaa kimya kidogo kabla ya kujibu. Jibu hilo ndilo linaloamua utatumia shilingi ngapi, maana katika shughuli hii moto si kitu cha bei sana. Kinachokula pesa ni mnyama wako kuingizwa tanurini peke yake, na usafiri wa kumfikisha kwenye tanuri lenyewe.

Haya niliyajua kwa sababu ya Jasiri, mbwa wetu wa Sahare, hapa hapa Tanga. Alikuwa na miaka kumi na tatu, figo zimechoka, na daktari wa mifugo alikuwa ameshatuambia wazi kwamba hana muda mrefu. Dada yangu ndiye aliyemleta nyumbani akiwa kitoto, kabla hajahamia Leicester, Uingereza. Kule alifiwa na paka, akamchoma, na majivu yake anayo mpaka leo kwenye kikopo juu ya kabati la vitabu. Akataka Jasiri naye afanyiwe hivyo hivyo. Bahati yetu tulipata muda. Tuliuliza huku na huku, tukapiga simu, tukalinganisha bei, mbwa mwenyewe akiwa bado analala barazani kwenye ubaridi wa sakafu. Wengi hawaipati nafasi hiyo. Mnyama anakufa usiku, asubuhi jua limeshapanda, na mtu analazimika kuamua huku analia.

Nianze na tanuri, kwa sababu ukijua linavyofanya kazi utajua cha kuuliza. Tanuri la kuchomea wanyama huwashwa kwa gesi au mafuta, na joto lake hufika kati ya nyuzi 760 na 980 za Selsiasi. Paka huweza kumalizika ndani ya saa moja hivi, mbwa mkubwa huchukua saa mbili na zaidi. Nyama, mafuta na maji huondoka kama hewa na moshi. Kinachobaki ni mifupa, tena mifupa mikavu inayovunjika kwa urahisi. Inaachwa ipoe, vipande vya chuma vinatolewa kwa sumaku, halafu mifupa inasagwa kwenye mashine mpaka iwe unga mweupe wenye ukijivu. Huo unga ndio "majivu" unayokabidhiwa. Ukifungua kopo ukakuta chembechembe ngumu kama mchanga wa pwani, usishtuke wala usidhani umeibiwa. Ndivyo yalivyo.

Na si mengi. Uzito wake ni kama asilimia tatu au nne ya uzito wa mnyama. Kwa ujazo, kila kilo moja ya mwili hutoa takriban mililita 36. Jasiri alikuwa na kilo 28, kwa hiyo majivu yake yangejaa chombo cha lita moja tu. Paka wa kilo nne hajazi hata kikombe cha chai. Nayataja haya kwa sababu nimeona watu wakiuziwa vyombo vikubwa vya kuchonga, vya bei, wakati kopo dogo la mbao lingetosha na nafasi ikabaki.

Sasa bei. Duniani kote huduma hii hupangwa kwa mambo mawili: uzito wa mnyama, na namna atakavyochomwa. Namna ya kwanza ni ya pamoja: wanyama kadhaa huchomwa kwa mara moja, majivu huchanganyika, na mwenye mnyama harudishiwi chochote. Hiyo ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Ya pili, wanyama kadhaa wanakuwa ndani ya tanuri moja lakini wametenganishwa, kwa matofali au kwa nafasi, na kila mtu anapewa majivu ya kwake. Ya tatu ni ya peke yake kabisa: tanuri zima, mnyama mmoja. Marekani, mnyama mdogo kwa uchomaji wa pamoja huanzia kama dola 50, na mbwa mkubwa akichomwa peke yake huweza kufika dola 300 na kupita. Dada yangu alilipa kama pauni 140 kwa paka, ambazo kwa kiwango cha siku zile zilikuwa zaidi ya laki nne za kwetu.

Tena baadaye aligundua jambo lililomuumiza. Aliambiwa paka wake angechomwa "kibinafsi", akalipia bei ya kibinafsi. Alipouliza vizuri, ikawa ni ile namna ya pili: paka wake aliingia pamoja na wengine, ila kwenye sehemu yake. Wakitenganishwa hivyo, unga wa huyu na wa yule lazima utaingiliana kidogo. Si haramu kuifanya kazi hivyo, na kwa watu wengi inatosha kabisa, lakini mtu auziwe kitu kwa jina lake. Kwa hiyo usiulize kama ni kibinafsi. Uliza hivi: wakati wangu anachomwa, kutakuwa na mnyama mwingine yeyote ndani ya tanuri? Neno "yeyote" hilo lisisitize. Kisha uliza watamtambuaje. Wanaofanya kazi vizuri humfunga mnyama kibati cha chuma chenye namba, na kibati hicho huingia naye motoni na kutoka na majivu yake, kwa sababu chuma kile hakiyeyuki kwa joto hilo. Uliza kama unaruhusiwa kuwepo. Anayekataa bila sababu ya maana, mimi nisingempa mnyama wangu.

Kuna njia nyingine ambayo huku kwetu haijazoeleka, nayo haina moto. Mwili huwekwa ndani ya chombo cha chuma chenye maji ya moto yaliyotiwa magadi makali, na baada ya saa kadhaa inabaki mifupa tu, ambayo husagwa vilevile. Askofu Desmond Tutu wa Afrika Kusini alipofariki Desemba 2021, mwili wake uliandaliwa kwa njia hiyo kwa sababu inatumia nishati kidogo kuliko tanuri. Kwa wanyama inatumika katika baadhi ya nchi, na majivu hutoka mengi kidogo kuliko ya moto. Ukikutana nayo kwenye orodha ya bei ya kampuni ya nje, usiogope.

Turudi Tanga. Nilipotafuta, hapa mjini sikupata mahali panapochoma wanyama wa nyumbani na kumkabidhi mwenyewe majivu. Maana yake, anayetaka majivu atasafiri. Na hapo ndipo hesabu inapobadilika, kwa sababu joto la Tanga halisubiri mtu. Mwili ukiachwa wazi, baada ya saa chache tumbo linaanza kuvimba. Kama umeamua kusafirisha, anza na mwili kabla haujakakamaa: mkunje mnyama alale kama aliyejikunyata, mfumbe macho, weka kitambaa chini ya mkia na chini ya mdomo kwa sababu majimaji yatatoka. Mfunge kwa shuka au kanga, kisha nailoni ngumu, kisha ndani ya deli la samaki na barafu pande zote, siyo juu tu. Barafu utaipata hapa mjini kwa wauza samaki wa Deep Sea au Sahare. Kama unataka daktari ampasue ajue kilichomuua, mwambie mapema na usimgandishe kwenye friza, maana kugandisha kunaharibu anachotafuta. Mpoze tu.

Piga hesabu ya gari, barafu, mtu wa kukusindikiza, na bei ya uzito wake huko uendako, iwe Dar es Salaam, Nairobi au popote ulipopata huduma. Ukivuka mpaka kuna karatasi za daktari wa mifugo na forodha. Kwa mbwa wa kilo 28 sisi tuliona usafiri peke yake ungetuzidi bei ya moto. Kwa paka mdogo hesabu inaweza kukaa vizuri zaidi.

Wapo watakaokuambia, si mumchome hapa hapa kwa kuni? Nawaomba sana msifanye hivyo. Mwili wa mtu mzima kwenye kuni za mazishi ya Kihindu hula kama kilo 400 mpaka 600 za kuni, tena zinapangwa na watu wanaoijua kazi hiyo kwa vizazi. Mbwa ni mdogo, lakini naye ana maji na mafuta, na moto wa uani haufiki joto la tanuri. Utaishia na mwili uliokauka nje, ndani bado, harufu mtaa mzima, na watoto wamesimama ukutani wanaangalia. Upepo wa kusi ukivuma cheche zinaruka hadi kwenye makuti ya jirani. Kuni nazo ni pesa, na mikoko ambayo wengine huitaja kwa sababu inawaka vizuri inalindwa na sheria, haikatwi hivi hivi. Hata ukimaliza, mifupa haitakuwa unga. Utabaki nayo mkononi.

Matanuri ya taka za hospitali nayo yapo nchini, na baadhi ya watu huulizia huko. Yale yamejengwa kwa ajili ya sindano na taka hatari. Daktari wa mifugo anaweza kukuelekeza huko ikiwa mnyama ana ugonjwa wa kuambukiza na mwili unatakiwa uteketezwe, lakini usitarajie kurudishiwa majivu.

Baada ya hayo yote dada yangu aliniuliza kwenye simu, sasa tunafanyaje? Aliyetusaidia ni bibi jirani, mtu wa makamo mengi, ambaye miaka yote alikuwa hamgusi Jasiri kwa ajili ya udhu wake lakini kila Idi alimtengea mifupa. Alisema: "Mwanangu, mzikeni mapema, kabla jua halijawa kali, watoto wasimwone akivimba." Kwa wengi wetu Pwani, Waislamu hasa, kuchoma mwili ni jambo geni na linakwaza moyo. Sioni sababu ya mtu kujilazimisha kwa kuwa ameona wenzake wa nje wakifanya. Kuzika si njia ya asiye na uwezo. Kule Berenike, bandari ya zamani ya Misri kwenye Bahari ya Shamu, wachimbuaji wamekuta makaburi ya wanyama zaidi ya 500, wengi wao paka, ya miaka ipatayo 2,000 iliyopita. Baadhi ya paka walizikwa na ukosi wa chuma au mikufu ya shanga shingoni. Wale walikuwa watu wa majahazi na biashara kama babu zetu, na walizika.

Ila kuzika kwenyewe kuna kanuni, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wa Tanga wanapokosea zaidi. Ardhi yetu ya pwani ni mchanga juu ya mawe ya matumbawe, na maji hayako mbali. Kaburi liwe na kina cha mita moja angalau, ikiwezekana zaidi, na liwe mbali na kisima: mita 30 ni kipimo kizuri cha kuanzia. Ukichimba ukakuta mchanga umelowa au maji yanajikusanya chini, simama. Fukia, tafuta sehemu ya juu zaidi. Wakati wa masika usidanganywe na shimo lililokuwa kavu Januari. Ukigonga jiwe kwenye nusu mita, usimlaze hapo kwa sababu mmechoka. Hameni. Kwa nyumba ya kupanga, mwombe mwenye nyumba ruhusa kabla, siyo baada.

Mlaze ndani ya shuka la pamba au mkeka, vitu vinavyooza. Nailoni itoe. Ukosi wa plastiki na kengele vitoe ubaki navyo. Fukia, kanyaga taratibu, kisha panga mawe mazito juu. Mawe hayo yana kazi: mbwa koko, kenge na kunguru wana pua na macho makali kuliko unavyofikiri.

Na hapa kuna jambo ambalo madaktari hawalisemi mara kwa mara kwa sababu hawataki kumwongezea mtu uchungu. Kama mnyama wako amelazwa kwa sindano ya mwisho, dawa inayotumika sana kwa kazi hiyo ni ya kundi la babitureti, yaani dawa za usingizi mzito, iitwayo pentobabitali, na haitoki mwilini mnyama anapokufa. Hukaa kwenye nyama kwa muda mrefu. Kunguru, paka au mbwa mwingine akifukua na kula, anaweza kulala asiamke. Tanuri huiharibu dawa hiyo, kaburi haliiharibu haraka. Muulize daktari ni dawa gani ametumia. Ikiwa ni hiyo, ongeza kina cha shimo na usifanye mchezo na mawe. Na mwili wa namna hiyo usiachwe kabisa jalalani wala ufukweni.

Jasiri alilazwa kwa sindano, kichwa kikiwa mapajani mwangu, simu ya dada ikiwa imewashwa kando yake. Tulimzika nyuma ya nyumba, upande wa juu, mbali na kisima. Vijana wawili walichimba, nikawapa elfu thelathini. Ukijumlisha daktari, dawa na shuka, yote hayakufika laki moja na nusu. Dada alipelekewa ukosi wake na kishada cha manyoya ya shingoni, ambayo tulimkata akiwa bado hai na ametulia. Aliniambia hicho ndicho alichokuwa akikitaka, kitu cha kushika. Kama wewe pia ni hivyo, kata manyoya mapema, au mkandamize mguu kwenye udongo laini wa mfinyanzi ukauke kivulini. Hivyo havina bei ya kilo.

Kuna hali moja ambayo yote niliyosema yanawekwa pembeni. Mbwa au paka aliyekufa baada ya kubadilika tabia ghafla, akitoka mapovu, akishindwa kumeza, akiuma hovyo au akiyumba miguu, usimguse kwa mikono mitupu, usimsafirishe, usimzike kimya kimya. Kichaa cha mbwa bado kipo nchini kwetu. Mpigie ofisa mifugo wa kata. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo chake hapa Tanga, na wataalamu ndio wanaojua kuchukua sampuli na kuondoa mwili. Aliyeng'atwa au kuguswa na mate kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama kidonda ni kidogo kama chunjua. Dalili za ugonjwa huo zikishaanza kwa binadamu, karibu hapana anayepona. Hapo hakuna habari ya majivu wala kaburi la uani.

Watoto waambieni ukweli. Wetu waliambiwa na mtu mmoja kwamba Jasiri amekwenda Pangani, wakawa wanamsubiri. Ilibidi tuanze upya. Mtoto wa miaka sita anaelewa kufa kuliko tunavyodhani, na akishirikishwa kuweka jiwe moja juu ya kaburi hutulia.

Waliopata majivu hatimaye na wanataka kuyamwaga shambani au chini ya mti, wasiyarundike shinani. Unga huo ni mkali kwa mimea, una chumvi nyingi na huugeuza udongo. Uchanganye na udongo mwingi, uusambaze, umwagie maji ya kutosha. Ukitaka kupanda mti juu ya kaburi lenyewe, panda kando kidogo, mizizi itafika yenyewe.

Na kama mnyama wako sasa hivi ni mzee au anaumwa, mpigie daktari wako wa mifugo wiki hii, akiwa bado anakula. Muulize anatumia dawa gani ya kumlaza, anakuja nyumbani kwa shilingi ngapi, na kama anamjua mtu wa tanuri anayemwamini yeye mwenyewe. Mpime uzito kwenye mizani ya duka la nafaka, andika. Tembea uani uangalie ni wapi pako juu na pakavu. Kisha zungumzeni nyumbani, na aliye mbali awepo kwenye simu.